Utepe wa Buluu

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya boti yetu, kichwa kimeingia chini ya kitanda, spana mkononi, masikio yote yako gatini. Mume wangu alikuwa ameenda kuoga kwenye mabafu ya bandari, na Orrin huoga dakika kumi na mbili, hazizidi, hazipungui. Nilikuwa nimebakiwa na nne. Mbele ya pua yangu zilikaa betri mpya tatu, nyeupe, safi mno kwa kitu kinachoogopwa na gati zima. Nami nilikuwa nikijaribu kila nati aliyoifunga, moja baada ya nyingine, kama mwizi anayejaribu milango.

Nisieleweke vibaya. Orrin Tveit alikuwa fundi umeme wa vivuko kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna kivuko kilichowahi kuzimika kwa kosa la mkono wake. Tulipouza nyumba na kuhamia majini hapa kwenye bandari ya Anacortes, yeye ndiye aliyesema betri za risasi zimechoka, zina uzito wa mawe, zinajaa kwa kudra, na kwamba hatuwezi kwenda Alaska kukaa huko majira mawili tukiwa tunahesabu kila taa. Lithiamu ndiyo dawa. Wiki tatu alizimaliza kwa magoti, akivuta nyaya za zamani kutoka mahali ambapo hata panya angeona dhiki kupita.

Gati nalo lilikuwa na maneno. Huku kwetu mtu akifungua sakafu ya boti yake, nusu ya bandari huja na kikombe cha kahawa kutazama na kushauri. Wendell, jirani wa boti ya pili, alikuja kila siku.

"Orrin, ukiwa tayari kuliwasha hilo bomu lako, nipigie hodi kwanza. Nina mbwa mimi."

"Mbwa wako namhurumia kwa mengine," Orrin akamjibu kutoka chini ya sakafu. "Anakula unachopika."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Wote walidhani ninaogopa betri kwa sababu ya moto, nikawaacha wadhani hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli.

Ukweli ni kwamba mwezi wa nne, asubuhi moja, nilikuta vali ya gesi ya jiko iko wazi, inapumua taratibu, na Orrin yuko nje juu ya sitaha anakula uji wake wa shayiri huku akiwapigia mluzi shakwe. Niliifunga. Nikafungua kila dirisha, nikakaa kwenye ngazi mpaka harufu ikaisha. Sikumwambia. Mama yake, Gudrun, alianza kupoteza kumbukumbu kwa kuacha jiko wazi vilevile, na miaka yake sita ya mwisho alimwita Orrin kwa jina la kaka yake aliyekufa, na Orrin akawa anaitika. Toka asubuhi ile nikawa nampitia nyuma. Akifunga, nafungua kuangalia. Akizima, nagusa kuhakikisha.

Basi siku ile, chini ya kitanda, nati zote zilikuwa zimekaza, isipokuwa moja. Mwisho wa ile pau ya shaba ambako nyaya zote kubwa hukutana, bolti moja ilikuwa tupu, nati yake imezungushwa kwa vidole tu, na kando yake kumelala waya mnene mwekundu, kichwa wazi. Orrin ana desturi moja ambayo haijawahi kuvunjika tangu nimjue: waya ambao haujaisha kazi, au ambao hautakiwi kuguswa, huuviringa kichwa utepe wa buluu. Hata nyumbani, swichi ya sebuleni ilipoharibika, ilikaa na utepe wake mpaka ilipotengenezwa. Waya huu haukuwa na utepe. Kwa hiyo hakuuacha kwa makusudi. Ameusahau.

Niliuvisha kwenye bolti, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Ndara zake zikasikika kwenye mbao za gati. Nilirudisha ubao wa kitanda, nikasimama, nikawasha birika.

"Mbona unahema?" akaniuliza, taulo shingoni.

"Nilikuwa natandika."

Akaniangalia kidogo, kisha akatabasamu, akaniuliza kama kuna kahawa.

Jumamosi tulivuka kwenda kisiwa cha Lopez kuzijaribu betri. Tulitia nanga, tukalala huko, na Orrin alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu alipostaafu. Friji inanguruma, taa zote zinawaka, mashine ya kahawa, kompyuta, na yeye kila dakika tano anaenda kutazama kipimo. "Tisini na mbili," ananiambia, kama anayesoma alama za mtihani za mwanawe. "Thora, bado tisini na mbili." Nikasema moyoni, labda nilimwonea. Labda ile gesi ilikuwa mara moja tu. Na waya nimeshaufunga, hakuna aliyejua, yamekwisha.

Jumapili asubuhi ukungu ulishuka tukiwa katikati ya mlangobahari wa Rosario. Agosti huwa hivyo. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu skrini ya ramani kando ya usukani ilituonyesha kila kitu: sisi, ufukwe, na kwa upande wa kusini pembetatu moja nyekundu, meli ya mafuta inayopanda kuelekea kaskazini, mwendo wa mafundo kumi na moja, kama kilomita ishirini kwa saa. "Tutapita mbele yake kwa nafasi," Orrin akasema. "Dakika ishirini na tano nzima."

Kitu kikagonga chini ya sakafu, mlio mmoja mdogo, mkavu. Skrini ikawa nyeusi. Redio ikanyamaza katikati ya neno la mtu. Taa zikazimika, usukani wa kujiendesha ukalegea, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda ngazini.

Injini peke yake ndiyo iliyoendelea, maana dizeli ikishawaka haimwombi mtu umeme.

Orrin aliushika usukani kwa mkono, akatazama dira, ile ya zamani ya sumaku. Uso wake ulikuwa umepauka. "Redio ya mkononi," akasema.

"Ameiazima Wendell. Alienda kutega kaa."

Nilitoa simu. Ilituonyesha kama kidoti kimoja, katikati kabisa ya njia ya meli, na maji matupu pande zote. Simu yangu ilijua tulipo sisi. Meli ilikuwa wapi, haikujua, nasi hatukujua, na watu wa meli hawakujua kama tuko duniani.

"Moto?" nikauliza.

"Hakuna moto. Nenda kachukue honi."

Honi yetu ni ya kupuliza kwa mdomo, ya plastiki, ya kuchekesha. Nilisimama mbele kabisa, mkono mmoja nimeshika kamba ya tanga, nikapuliza mara moja, ndefu. Kisha tukasikiliza. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona uso wa Orrin kule nyuma vizuri. Nikapuliza tena, mpaka mbavu zikauma. Ndipo ikajibu. Sauti ya chini sana, pana, niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni, na haikutoka upande wowote. Ilitoka kila mahali.

"Kulia?" Orrin akaita.

"Sijui."

"Thora, sikiliza vizuri. Kulia?"

"Sijui, nimekwambia sijui."

Niliogopa kiasi kwamba nilitaka kukaa chini. Nilifikiri juu ya vitu vya kijinga, kwamba sikuijibu simu ya dada yangu, kwamba kuna kuku kwenye friji. Orrin alishusha injini mpaka ikanong'ona. Alikuwa amefumba macho. Honi ya meli ikalia tena, karibu zaidi, na yeye bila kusema neno akazungusha usukani wote kushoto, akageuza boti tulikotokea, akasukuma injini hadi mwisho.

Kwanza ulikuja mngurumo, kisha nyuma yetu ukungu ukawa mweusi. Ukuta wa chuma ulipita. Niliona kutu, niliona namba nyeupe za kina cha maji, ndefu kunizidi, na ukaendelea kupita, ukaendelea kupita, na hakuna mtu aliyechungulia. Kisha mawimbi yake yakatuinua na kututupa, na vikombe vyote ndani vikavunjika.

Orrin aliifuata dira mpaka ukungu ulipopasuka na tukaona nyumba za Anacortes.

Tulipofunga kamba gatini, Orrin alishuka ndani moja kwa moja, akainua ubao wa kitanda. Mimi nilikuwa naokota vigae vya vikombe. Nilishajua. Nadhani nilijua toka ile sauti ya kugonga.

"Thora, njoo."

Alikuwa amepiga magoti, tochi mkononi, mwanga umekaa juu ya ile bolti ya mwisho.

"Waya huu unatoka kwenye altaneta, pale injini inapozalisha umeme," akasema polepole. "Zamani ulizijaza betri za risasi moja kwa moja. Hizi mpya hazilishwi hivyo. Zikishiba, kidude chao cha ulinzi kinakata ghafla, na umeme wote wa altaneta unakosa pa kwenda, unaunguza kila kilicho mbele yake. Ndiyo maana niliutoa. Niliutoa, Thora. Nilikuwa nasubiri kifuniko chake kije, halafu niuzibe."

Akaigusa nati kwa kidole. Haikucheza.

"Sasa umefungwa. Umekazwa kabisa. Na mimi sikumbuki kuufunga." Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Naapa sikumbuki hata kidogo."

Akavitazama viganja vyake, mbele na nyuma. Nilimwona akimfikiria mama yake. Hakuna haja ya kuambiwa. Miaka thelathini na minne nimeusoma uso ule. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa kwenye ukungu, na mimi nilikuwa nimesimama na vigae mkononi.

Nitasema na aibu yangu. Nilijua kwamba nikikaa kimya, Alaska imekwisha. Angeiuza boti mwenyewe. Tungepanga nyumba ndogo yenye jiko la umeme, na mimi ningelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya lolote.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuelewa.

"Mimi ndiye niliyeufunga. Ulipokuwa bafuni. Nilidhani umeusahau."

Orrin alivuta pumzi ndefu, akaufunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatikisika, sikujua kwa kicheko au kwa kingine. Alipoitoa, macho yalikuwa mekundu. "Karibu utuue, mwanamke," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetolewa kifungoni. Kisha nikaona furaha ile ikimtoka taratibu, maana si mjinga.

"Umekuwa ukinikagua."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne kulikuwa na nini?"

Nilimweleza habari ya gesi. Nilimweleza yote, dirisha kwa dirisha. Alisikiliza akiitazama ile bolti.

"Niliuwekea utepe," akasema mwishowe. "Waya huu. Niliuviringa utepe."

"Haukuwa nao."

"Niliuweka."

"Basi umeanguka. Tutafute."

Tukapiga magoti wote wawili, bega kwa bega, tukamulika chini ya betri, kwenye pembe, kwenye maji machafu ya chini kabisa. Tulipata penseli, nati mbili, kishikio cha nywele changu cha zamani. Sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyokitamani kile kipande cha utepe. Roli yenyewe ilikuwa kwenye boksi la vifaa, karibu na mkono wangu wa kushoto, na Orrin alikuwa ameinamia upande mwingine. Ingenichukua sekunde tatu. Ningekikata, ningekidondosha, ningesema "hiki hapa." Mkono ulikwenda mpaka ukaigusa roli.

Niliurudisha.

Tulitafuta mpaka tochi ikaanza kufifia. Orrin akaizima. Alichukua roli ya utepe, akaufungua ule waya, akauviringa kichwa chake vizuri, mara tatu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akakata kipande kingine, akakiviringa kwenye vali ya gesi.

Akarudi, akanipa spana.

"Kagua," akasema. "Nati zote. Lakini nikiwa nimekaa hapa."

Nilizikagua, naye amekaa hapo. Zote zilikuwa zimekaza. Nilipomwambia hivyo aliitikia kwa kichwa, akachukua taulo na ndara zake, akaenda kuoga.

Nilifagia vigae. Nilitandika kitanda, safari hii kweli. Saa ya ukutani ina betri yake ndogo, ilikuwa bado inatembea. Dakika kumi na mbili zikafika, nikasikiliza gati. Wendell alipita na mbwa wake, akaniuliza bomu linaendeleaje, nikamwambia salama. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Dakika ya kumi na tano nikavaa viatu.