Sura Ambayo Sikuifuta

Macho hupakwa kwanza. Wanaodhani wanaijua kazi hii huanza na nguo, kwa sababu nguo ni rahisi, halafu wakifika usoni mkono unatetemeka na kila kitu kinaharibika. Unaanza na macho: nukta mbili nyeupe, juu yake nukta mbili nyeusi, kisha unazungushia rangi ya ngozi kidogo kidogo hadi weupe uliozidi umefunikwa. Uso wenyewe hauzidi punje ya mchele. Mwaka 1986, katika Kindu nzima, aliyeweza kufanya hivyo ni mimi peke yangu, na nilihakikisha wenzangu watatu hawalisahau hilo hata Jumapili moja.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kupaka namba za mabehewa kwenye karakana ya reli. Siku ambazo mkubwa fulani alikuja kwa ndege, nilipelekwa barabarani kupaka kaulimbiu za Chama kwenye mbao. Namba na herufi, herufi na namba. Mtu mwenye mkono kama wangu kupewa kazi ile ni kama fundi wa kushona suti kupewa magunia. Niliiba rangi bila aibu: nyekundu ya mabehewa, nyeupe ya namba, kijani cha Chama. Nilizilainisha kwa mafuta ya taa na kuzitia kwenye vizibo vya chupa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Mwalimu Okito, aliyefundisha historia shule ya sekondari. Mbelgiji mmoja aliyefundisha naye alipomaliza mkataba wake alimwachia sanduku: kitabu cha sheria za mchezo kwa Kifaransa, dadu zenye nyuso nyingi, na visanamu kumi vya madini ya risasi. Kila Jumapili alasiri tulikaa sebuleni kwake, mlango wazi. Yeye alituambia tuko wapi na mbele yetu kuna nini. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi, akasema mtu wake anafanya nini. Dadu zikaamua kama amefaulu. Askari, wachuuzi, mamba, mfalme, wote hao alikuwa akiwasemea Mwalimu, kila mmoja kwa sauti yake. Visanamu vilituonyesha nani amesimama wapi. Vya risasi vilipotuishia, mwenzetu Asumani, mfua vyuma, aliyeyusha bati kutoka machimbo ya Kailo na kulimimina ndani ya kalibu za udongo wa kichuguu. Wa nne alikuwa Mwavita, muuguzi, aliyezunguka na sanduku la chanjo kwenye baiskeli yake hadi Kailo, na hadi Pangi na Lubutu lori lilipopatikana.

Hadithi yetu ilikuwa ya mji mmoja kando ya mto mkubwa, wenye mfalme aliyekataa kuzeeka. Mwaka mzima tulikula njama ya kumwondoa. Mtu wa Mwavita aliitwa Mjumbe, akipeleka barua za siri vijijini. Wa Asumani alikuwa Mhunzi, akificha mikuki. Wangu alikuwa Mwizi wa Funguo. Usiniulize kama tulikuwa tunamsema mtu. Tulikuwa watu wazima wenye akili zetu.

Ugomvi haukuisha, na mgomvi mkuu nilikuwa mimi: wiki iliyopita ufunguo ulikuwa kwa nani, nani alikunywa sumu, nani alivuka mto. Mwalimu akachoka. Akaanza kuandika kumbukumbu za kila Jumapili kama tulivyozoea mikutanoni: waliohudhuria, ajenda, maazimio, saa ya kufunga. Sisi ni watu tuliolelewa na mikutano. Hata tukicheza lazima kuwe na katibu. Mwisho wa ukurasa kila mmoja aliweka sahihi, kwa jina la mtu wake wa mchezoni. Mwalimu alikuwa mwangalifu sana katika hilo. Majina yetu ya kweli hayakuingia mle hata mara moja.

Lakini mimi niliingiza sura.

Sikupanga. Kisanamu cha Mhunzi nilikitia kofia yenye uzi wa kijani kama ya Asumani, tukacheka. Kisha Mwizi wa Funguo akapata masikio yangu. Mjumbe alinichukua wiki tatu. Mwavita alikuwa na kovu la mafuta ya moto, tangu utotoni, kutoka sikioni hadi kidevuni, nalo lilikuwa na wekundu wake wa pekee. Niliupata kwa nyekundu ya behewa, nyeupe kidogo, na tone la kahawia. Nilipomaliza nilimtia kwenye kila jicho doa jeupe dogo kuliko unga, kwa unywele mmoja, nikimsogeza dirishani nimwone. Alikuwa ananitazama. Kitu kizuri kama kile sikuwahi kukifanya, wala sijakifanya tena.

Mwezi wa saba karatasi za kumtukana Rais ziliokotwa kwenye ua wa shule. Nyumba za walimu zikapekuliwa na watu wa usalama. Kwa Mwalimu Okito walikuta kitabu, dadu na daftari lile, wakaondoka navyo na yeye mwenyewe. Visanamu vilikuwa kwangu, kwa sababu vilikuwa vimechubuka na nilikuwa navirekebisha.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Mwavita alikuja na baiskeli yake. Mlinzi mmoja wa kule, ambaye Mwavita aliwahi kumtibia mke wake, alikuwa amemletea maneno ya Mwalimu.

“Kaka Abedi, Mwalimu anasema ufute sura zote. Leo leo.”

“Namuna gani? Wanamufanya nini kule?”

“Wanamupiga. Lakini amewaambia ile kaye yetu ya Jumapili njo hadithi, njo yeye mwenyewe anaiandika, peke yake. Majina yetu haimo. Muntu mumoja akiandika, njo hadithi. Watu wane, njo mukutano. Na mukutano wa kuua mufalme, unajua kwenye inatupeleka.”

Alimchukua Mjumbe mezani akamgeuza geuza kiganjani.

“Ata kovu uliliweka,” alisema. “Sikujuaka kama niko hivi.” Sauti yake haikuwa ya hasira. “Mufute, kaka.”

Kisha akaondoka, maana alikuwa na watoto wa kuchanja kesho yake.

Mke wangu Safi aliniletea kikombe cha mafuta ya taa na kitambaa, akakaa karibu kunisimamia, kwa kuwa ananijua. Mhunzi nilimfuta. Mwizi wa Funguo nilimfuta, masikio na yote. Nikawapaka upya kwa haraka, rangi nzito, macho yakienda pande mbalimbali, kazi ya kutia kichefuchefu. Mtoto akalia nyuma ya nyumba, Safi akaenda. Nikamshika Mjumbe, nikalowesha kitambaa. Nilikaa hivyo mpaka mafuta yakakauka. Kisha nikamfunga Mjumbe kwenye kikopo cha ugoro, nikatia mfukoni mwa shati.

“Umemaliza, Baba Zawadi?” Safi aliuliza aliporudi.

“Nimemaliza.”

Nilijiambia nitamfuta kesho. Kesho nikajiambia kesho. Mtu akiniuliza leo nilikuwa nangoja nini, nitamwambia ukweli: nilikuwa nakifungua kikopo kila nikipata nafasi, namtazama.

Alhamisi asubuhi watu wawili wakaja nyumbani. Walivikusanya visanamu vyote ndani ya gunia la mkono wakanichukua. Ofisi yao ilikuwa upande wa mtoni, chumba kisafi, feni inazunguka. Mkubwa wao alivaa suti ya abakosti ya rangi ya majivu na alizungumza polepole. Mezani palikuwa na daftari letu, na kando yake albamu ya stempu na kioo cha kukuzia. Alikuwa mkusanyaji wa stempu. Niliona jinsi alivyozipanga, nikajua papo hapo kwamba huyu ni mtu mwenye jicho.

“Citoyen Abedi. Hii vintu ni ya nani?”

“Ya watoto, mukubwa. Njo miye naipakaka juu ya watoto wangu wacheze.”

“Na Okito?”

“Mwalimu alinipa ile ya zamani, ya Mubelji. Basi.”

Aliuliza mambo mengine mawili matatu, akaandika. Mhunzi na Mwizi wa Funguo walisimama mbele yake na nyuso zao mbovu, hawafanani na mtu yeyote aliyezaliwa na mama. Mwishowe alifunga kalamu yake.

“Miye naona huyu mwalimu iko muntu wa kukosa kazi tu. Anaandikaandika. Kesho kesho kutwa tutamurudisha kwake.” Akavisukuma visanamu viwili kwa ncha ya kalamu, vikaanguka. “Unajua nini kinaniuma? Walinielezaka, mu Kindu iko muntu anaweza kupaka jicho pa kintu kidogo hivi. Miye na timbre zangu mu albamu hii, nikafurahi. Nikasema, nitaona kazi.” Alitikisa kichwa. “Kumbe njo hii. Basi, endelea na namba zako za wagon. Enda.”

Mpaka leo sijui kama ulikuwa mtego au masikitiko ya kweli ya mtu mpenda vitu vidogo. Nimelifikiria miaka yote hii na sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeruhusiwa kutoka. Nilikuwa nimesimama, nimefika mlangoni, mkono mmoja uko kwenye kitasa. Mwalimu alikuwa anarudi nyumbani. Mwavita alikuwa njiani kwenda Kailo na chanjo zake. Ilibaki hatua moja.

“Ile haiko kazi yangu,” nilisema. “Ile niliifanya na haraka.”

Nikarudi mezani. Nikatoa kikopo, nikamsimamisha Mjumbe mbele yake.

Alichukua kioo. Alitazama muda mrefu, akimsogeza kwenye mwanga kama nilivyokuwa nikimsogeza mimi, na uso wake ukalainika.

“Ah,” alisema. “Sasa hii njo kazi.”

Kisha akainamisha kichwa, akatazama tena. “Hii kovu … Huyu mama namujua. Njo yule wa dispensaire, njo alimudungaka mutoto wangu shindano.”

Hapa nataka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla ya woga kunifika, nilifurahi. Amemtambua! Katika uso wa ukubwa wa punje, bila jina, bila kuambiwa, mtu amemtambua Mwavita. Furaha ile ilidumu kiasi cha pumzi mbili. Alipolivuta daftari na kuanza kutafuta kwa kidole ukurasa wenye Mjumbe, anayebeba barua vijijini, ndipo woga ukanifika nikashika meza.

“Kailo, Pangi, Lubutu,” alisema taratibu, kama anayehesabu stempu. “Ndiyo. Anafikaka fasi yote.” Akamrudisha Mjumbe kwenye kikopo, akakitia kwenye droo. “Aksanti, citoyen. Umetusaidia.”

Walimkamata Mwavita jioni ileile, kwenye barabara ya Kailo, baiskeli na sanduku la chanjo vikaachwa majanini. Juma lililofuata alipandishwa ndege kupelekwa Kinshasa. Hapo ndipo habari zake zinapoishia. Asumani alivuka mto hadi Alunguli siku aliyosikia, akaendelea kwenda, nasikia yuko Kisangani. Mimi nilirudi karakanani kwenye namba zangu, na hakuna aliyenigusa. Safi hakuniuliza kwa nini. Aliacha tu kuniita Baba Zawadi.

Mwalimu Okito alitoka baada ya miezi kumi. Sikio moja lilikuwa limekufa, meno ya mbele hayapo, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kutoona njia vizuri. Siku ya pili tu alikuja kwangu akipapasa ukuta wa jirani. Nilimkalisha. Hakutaka chai.

“Abedi,” alisema, “njo miye nilimutaja Mwavita.”

Niliufunga mlango. Akaendelea:

“Sikumbuki. Iko siku mingi zenye sikumbuki kabisa, walikuwa wananipiga nalala, wananimwangia maji. Lakini walikuja siku moja wanajua jina yake, wanajua yeye njo Mujumbe. Walijua wapi? Kaye haikuwa na jina. Sura, weye ulizifuta.”

Alinigeuzia uso, akingoja. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa.

“Ndiyo, Mwalimu,” nilisema. “Nilizifuta.”

“Basi ni miye. Hakuna mwingine.” Alilia bila kujificha, mikono magotini, kama mtu aliyefikishwa alikokuwa anaogopa kufika. “Unisamehe, ndugu yangu. Mulinitegemea wote watatu.”

Nikamwambia nimemsamehe.

Akajifuta, akaomba jambo moja tu: nimfikishe kwa Mama Aziza, mama yake Mwavita, akamwambie mwenyewe, maana macho yake hayangemfikisha peke yake. Nikavaa viatu. Nilimshika mkono tukapita sokoni, watu wakatupisha, na njia nzima alikuwa akijaribu maneno yake kwa sauti ndogo, anayakosea, anaanza upya.

Mama Aziza alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga za mihogo. Mwalimu alipiga magoti akamweleza kila kitu. Alisema ni yeye, ni mdomo wake, wala hajui siku gani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono imesimama juu ya ungo. Alinigeukia mimi niliyesimama mlangoni, akanishukuru kwa kumleta.