Kidole Gumba cha Mzee Sharafat

Rafia alichomeka kikuza mtandao kwenye soketi ya ukumbini, katikati ya chumba cha kaka yake, ilikokuwa ruta, na chumba chake cha uani ambako Wi-Fi haikufika. Akabonyeza kitufe cha ruta, akabonyeza cha kikuza, akangoja mpaka taa ikawa ya kijani. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa kuukuu, haikuweza kunasa Wi-Fi, kwa hiyo akaiunganisha na kikuza kwa waya. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Juni, jiji zima la Multan, Pakistan, linachemka, na wanafunzi wake wa hesabu walikuwa wanamsubiri mtandaoni.

Kabla hajafungua somo, spika zikakohoa.

"Rafia, umekula?" akauliza baba yake, Mzee Sharafat, aliyezikwa Januari.

"Nimekula, Baba. Chai na paratha."

"Vizuri. Sasa nisikilize. Mimi nilikufa alfajiri. Ile karatasi ya kumpa kaka yako Iftikhar nyumba yote, kidole changu kilibandikwa baada ya adhuhuri. Alinipaka wino mwenyewe, kanishika mkono kama ananivusha barabara."

Miezi mitano Rafia alikuwa ameambiwa kwamba baba alimsahau. Akamwita kaka yake. Iftikhar akaja amevaa fulana, anachokonoa meno, na mzee akayarudia yote.

"Baba, hayo yamekwisha," alisema Iftikhar. "Unamtia dada maneno ya nini? Na wewe Rafia, hicho kidude chako kinanilia mtandao. Video zangu zinakwamakwama."

"Umebandika kidole cha maiti!"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Na wasikie! Miaka tisa nimemwogesha mimi. Wewe hata soksi hukuwahi kumvua!"

Iftikhar akarudi kwenye feni yake.

Rafia akampigia karani wa ofisi ya ardhi, akaiweka simu karibu na spika. Karani alimsalimu marehemu, akamuuliza jina la babu yake na namba ya kiwanja, akalinganisha na faili.

"Ni yeye kweli," alisema. "Lakini pole, dada. Maiti haruhusiwi kutoa ushahidi."

"Ila kutia sahihi anaruhusiwa?"

"Sahihi ipo kwenye faili, dada. Faili halina tatizo."

Rafia alikata simu kwa nguvu hata kioo kikapasuka.

Alhamisi akaja mnunuzi ambaye Iftikhar alitaka kumuuzia nyumba, Bwana Mumtaz, mfanyabiashara wa vitambaa. Rafia aliongeza sauti ya spika mpaka mwisho, akasimama mlangoni. Mzee Sharafat akaeleza kila kitu: alfajiri, adhuhuri, wino, na theluthi ya urithi ya binti yake kama Mungu alivyoamuru. Bwana Mumtaz aliweka mkono kifuani na kusikiliza kwa adabu, hakumkatiza hata mara moja. Marehemu alipomaliza, mnunuzi akamwombea rehema, kisha akamgeukia Iftikhar.

"Paa linavuja?"

"Halivuji hata tone."

"Linavuja," alisema Mzee Sharafat. "Upande wa jikoni. Toka mwaka juzi."

Bwana Mumtaz akatikisa kichwa. Alisema mtu aliye mbele ya haki hana sababu ya kudanganya, akataka apunguziwe bei. Iftikhar akapunguza. Wakapeana mikono pale pale, mbele ya Rafia, wakaenda kutafuta kalamu.