Goti Lililozimwa

Msusi alianguka mchana kweupe, ndani ya saluni yake mwenyewe, akiwa na chanuo mkononi na kichwa cha mteja kimesukwa nusu. Goti la kushoto liligoma tu kukunjika. Akaenda chini na stuli yake, na birika la maji ya moto likamkosa kidogo. Wateja walipiga mayowe. Yeye hakulia. Alikaa sakafuni katikati ya nywele bandia akiusoma ujumbe ulioingia kwenye simu: kifaa hiki hakitumiki tena.

"Hakitumiki na nani?" alifoka. "Si mimi hapa ninakitumia?"

Goti lile lilikuwa la umeme. Lilichajiwa kama simu na kuongozwa na programu iliyokuwa kwenye simu hiyohiyo. Kabla yake, tangu akatwe mguu, Msusi alivaa mguu bandia wa chuma wenye komeo: ukitembea umenyooka kama mpini wa jembe, ukitaka kukaa unavuta komeo. Ulimuumiza kiuno. Dada yake mkubwa ndiye aliyemsema asubuhi na jioni mpaka akabadilisha. Na kusema kweli, goti jipya lilimfaa. Alipanda ngazi hatua kwa hatua kama watu wengine, akasimama kutwa akisuka bila kuugulia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kitu chenyewe kilikuwa kizima.

Kesho yake alijikongoja kwa magongo mpaka ofisini kwa wakala aliyemuuzia, mwanamume mwenye tai nyembamba na maneno laini.

"Pole sana, mama. Toleo lako limepitwa na wakati. Kampuni imefunga mtambo wa mtandaoni uliokuwa ukiliendesha, kwa hiyo goti limejikaza. Ni kwa usalama wako."

"Nimebwagwa chini kwa usalama wangu?"

"Teknolojia ndivyo ilivyo. Kizuri zaidi kikija, cha zamani kinajiondoa chenyewe."

"Hiki hakikujiondoa! Mmekiondoa nyinyi, nami nimekivaa!"

Palepale alifungua mikanda, akauvua mguu na kuutua mezani juu ya vipeperushi vinavyong'aa.

"Basi wape mafundi siri ya programu yake, waliwashe."

"Siruhusiwi. Ni mali ya kampuni."

"Kwa hiyo huu ni mguu wa nani?"

Wakala alilegeza tai. Akasema angeweza kumpatia toleo jipya, bure kabisa, akikubali kupigwa picha za matangazo akitabasamu.

"Na hili jipya, siku mkifunga mtambo wake?"

"Hatutarajii..."

"Sikukuuliza mnatarajia nini."

Aliubeba mguu wake kwapani, akatoka.

Fundi wa miguu bandia aliyemtengenezea ule wa zamani alipomwona mlangoni alicheka. "Nilikwambia vya umeme ni mapambo tu!" Akautoa ule wa chuma stoo, Msusi alikokuwa ameuacha, na kuanza kuupaka grisi.

"Usinichekelee," Msusi alimkata. "Lile ni bora kuliko hili lako, na unajua. Halikushindwa kazi. Limeuawa na watu waliokaa kwenye viti."

Fundi alikaza skrubu. "Ni kweli," alisema. "Ila hili likivunjika, nitalitengeneza mimi."

"Ndiyo maana nimekuja. Sikuja kwa uzuri wake."

Dada alikwisha kusikia alivyomkatalia wakala. Alimkuta saluni, akaanzia mlangoni kumsema. "Umekataa kitu cha bure? Kiburi hicho kitakufikisha wapi, mdogo wangu?"

"Dada, simu yako ikizimwa unaiweka mezani unanunua nyingine. Mimi nikizimwa naanguka."

Dada aliingia. Alimtazama mdogo wake akizunguka kiti cha mteja, mguu umenyooka, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana kwa maumivu. Kisha akalinyanyua lile goti lililozimwa, lililokuwa limelala juu ya kabati la mafuta ya nywele.

"Sasa hili tulitupe?"

"Thubutu! Fundi amenipa namba za wenzangu waliozimiwa magoti kama mimi. Jumatatu tunakwenda ofisini kwa yule bwana, kila mtu na lake mkononi, tunakaa kwenye viti vya wateja."

"Mtapata nini?"

"Sijui." Msusi alikaza msuko mpaka mteja akaguna. "Lakini siku hiyo hauzi kitu."

Dada aliketi, akaliweka goti mapajani. "Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.