Ndiyo kwa Diski ya Zamani

Ndoa yao ilivunjika, lakini kazi yao haikuvunjika. Waliendelea kukaa meza moja, kiwiko kwa kiwiko, kwa sababu ofisi ilikuwa chumba kimoja na wao wawili tu ndio waliojua kukitengeneza kiini cha mfumo.

Kiini ndicho kinachoamka kwanza kompyuta ikiwashwa. Ndicho kinachotakiwa kuitambua diski, kioo, kibodi na kila kitu. Mradi wao ulishughulikia kompyuta za mitumba zinazokwenda shuleni, kwenye zahanati na maduka madogo, kila moja na vifaa vyake. Kwa hiyo kabla ya kila toleo jipya walipitia maswali hadi macho yawaume: kifaa hiki tukitambue? Jibu likiwa ndiyo, draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, inakaa ndani ya kiini chenyewe. Ikiwa moduli, inawekwa pembeni, kwenye diski, iitwe ikihitajika. Vinginevyo, hapana. Watumiaji wengi hawangegusa mipangilio hiyo maisha yao yote. Walichoamua hawa wawili ndicho watu wangekuta.

Pale ofisini mke aliitwa Mama Ndiyo na mume Bwana Hapana. Walipokuwa bado wanapendana, utani huo uliwachekesha hata wenyewe.

Siku hiyo walifika kwenye diski za aina ya zamani.

"Moduli," alisema Bwana Hapana bila kugeuka.

"Haiwezekani. Moduli inakaa kwenye diski. Kiini kitaisomaje diski wakati draiva ya kuisomea imo humo humo? Ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba."

"Basi hapana. Kiini kimeshanenepa, mashine ndogo zinahema. Na nani bado ana diski ya namna hiyo?"

"Mama yako."

Vidole vya Bwana Hapana vikasimama juu ya kibodi. Mkuu wa mradi, dada mmoja mpole aliyekaa karibu na dirisha, akajifanya anatafuta chaja.

"Mama nitamnunulia mpya."

"Uliyasema hayo kabla hatujaoana." Mama Ndiyo akashusha sauti. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Tangu uhame tunampigia simu tukiwa hapa, tunacheka kwenye spika kana kwamba tuko sebuleni. Mimi nimechoka kuigiza."

"Nimesema nitamwambia."

"Jamani, diski," mkuu aliingilia. "Kadi za mtandao za seva kubwa zimejaa humo ndani za nini? Zifanyeni moduli, nafasi itapatikana. Diski ya zamani iwe ndiyo. Ila ijaribiwe kwenye mashine halisi." Akasita. "Na tunayoijua ni hiyo moja, ya mama."

Bwana Hapana akasema kazi zimemzidi. Akaenda Mama Ndiyo.

Mama mkwe wake alikuwa mpiga chapa mstaafu, anakaa ghorofa ya tatu. Wanafunzi na watu wenye barua za maombi ya kazi bado walipanda ngazi kumfuata, maana hakuwa mtu wa kukosea herufi. Kompyuta yake, nene kama sanduku la nguo, ilikaa mezani chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekonda hivyo? Au mwanangu anakumalizia chakula?"

Mama Ndiyo alicheka kidogo, akachomeka flashi, akaweka kiini kipya, akaizima mashine na kuiwasha tena. Kioo kikabaki cheusi. Kikaendelea kuwa cheusi, hadi mama mkwe akamshika bega. Kisha mistari ya herufi nyeupe ikaanza kumiminika, na katikati yake Mama Ndiyo akauona ule mmoja alioufuata: diski imetambuliwa. Muda si muda barua zote za bibi yule zikajipanga kiooni.

"Haya, haya!" Bibi akapiga makofi. "Tumpigie mumeo. Tumpigie pamoja, kama mnavyonipigia nyie."

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Mama Ndiyo akaifunika kwa kiganja.

"Mama, ngoja kwanza. Hatuko pamoja tena. Alihama."

"Alihama kwenda wapi?"

"Kwa mwenzake mpya."

Bibi akakaa kitako kitandani. Akalikunja pindo la kanga yake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Na zile simu zenu?"

"Tulikuwa ofisini, mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo sasa mimi nikuite nani?"

Machozi yakamtoka Mama Ndiyo. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, hata kwa matusi. Swali hilo hakulitegemea. Bibi akampakata kichwa mapajani, akamwacha alie, na mwenyewe akalia kimya kimya. Halafu akajifuta uso, akampigia mwanawe.

"Njoo. Sasa hivi," alisema, akakata.

Walikunywa chai. Bibi alipoona chai imeisha vikombeni, akasema, "Mwanangu, ondoka kabla hajafika."

"Unanifukuza, mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Akinikuta na wewe hapa nitashindwa kumsamehe, na sina mwingine. Usirudi upesi. Niachie muda." Akamfunga kifungo cha sweta kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Wote wawili walijua muda huo hauna mwisho.

Kwenye ngazi za ghorofa ya pili akakutana na Bwana Hapana anapanda, jasho likimtoka. Wakasimama, kila mmoja kajibana upande wake wa ukuta.

"Imewaka?" aliuliza Bwana Hapana.

"Imewaka."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama chini. Alionekana anataka kusema neno, lakini mlango wa juu ukafunguliwa na mama yake akamwita kwa jina la utotoni. Akapanda. Mama Ndiyo akashuka hadi chini, akatoka barabarani, akasimama akiwa hajui ashike njia ipi. Kwa miaka yote ile, kila alipotoka nyumba hii, alitoka na mumewe.