Vipele vya Siku ya Kumi

Mchumba wangu ni fundi bomba, na tangu nimfahamu hajawahi kuchungulia shimo kabla ya kutia mkono. Ndiyo maana aliumwa na nyoka. Aliingiza mkono kwenye kisanduku cha mita ya maji nyuma ya shule, kumbe mwenye nyumba yumo. Mkono ukavimba, ukawa mnene kama mguu. Hospitali walimtundikia dripu yenye dawa ya sumu ya nyoka, na siku ya tatu akarudi nyumbani akijisifu kana kwamba ni yeye aliyemuuma nyoka. Nilimcheka sana, kisha nikarudi kwenye cherehani kumalizia gauni langu.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa, na sisi tulikuwa tufunge ndoa Jumamosi. Dada yake akanipigia simu asubuhi. "Wifi, njoo haraka. Kaamka na vipele mwili mzima."

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, homa inamchemsha, vifundo vya vidole vimevimba. Mama yake alikuwa ameshatoa hukumu. "Sumu imerudi. Ilijificha kwenye mifupa."

"Mama, sumu si mpangaji," nilimwambia.

Aliyenikata maini ni mchumba wangu mwenyewe. "Tuahirishe," alisema bila kunitazama. "Sitaki kukuacha mjane wa wiki moja."

"Nani kakuuliza unataka nini? Vaa viatu."

Viatu vilikataa miguu iliyovimba, nikamvalisha kandambili za mama yake. Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa. Njia nzima hadi hospitali, mama yake akiwa nasi, nilifoka kwa mdomo na kuomba kwa moyo.

Daktari alikuwa yule yule mama mfupi wa miwani aliyemtibu mara ya kwanza. Alimpima homa, akambonyeza viungo, akahesabu siku kwa vidole. "Kumi? Basi imekuja kwa saa yake," akasema, akacheka. Nusura nimrukie.

"Sumu ilikwisha zamani," akaendelea. "Huyu sasa anagombana na farasi."

Mimi na mama mkwe tukatazamana.

Akatueleza. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, mwili wake hutengeneza kinga, kisha kinga hiyo huchujwa kutoka kwenye damu yake na kuwa dawa. Ndiyo iliyoikamata sumu kwenye mkono wa fundi wetu. "Lakini ni kitu cha farasi, na mwili wako haumjui farasi. Umetumia wiki nzima kuandaa askari, leo wamemvamia mgeni. Hizi homa na vipele ni vurugu zao tu."

"Yaani farasi kamwokoa, na yeye anamlipa kipigo?" nikauliza.

"Shukrani ya punda."

Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Mgonjwa hakucheka. "Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, kila mtu atakufa, ila si kwa hili. Meza vidonge hivi siku tano."

"Na kesho anaweza kusimama?" nikauliza.

"Kusimama, kutembea, hata kucheza. Kwani kesho kuna nini?"

Aliyetaka kuahirisha ni mchumba wangu, na sikutaka kumjibia. Yeye akainama kuzitazama zile kandambili.

Daktari akamkabidhi karatasi ya dawa. "Ukiumwa na nyoka tena, kimbilia hospitali vile vile. Ila waambie mapema kwamba dawa hii ilikusumbua, wajiandae. Utakumbuka?"

Akajikuna shingo. "Mimi msahaulifu, daktari." Kisha akanigeukia, macho yamevimba hadi yamebaki vistari viwili. "Mwambie mke wangu. Yeye hasahau kitu."

Mimi niliyeingia pale nikifoka, nililia kwa furaha mbele ya daktari na manesi wawili.

Kesho yake pete iligoma kupita kwenye kifundo kilichovimba. Nikamvisha kidole cha mwisho, naye akacheka kwa sauti mpaka msajili wa ndoa akaweka kalamu chini akatusubiri.