Eneo la Utafiti

Jana usiku niliota nimekwenda chuo kikuu kudai majibu yangu. Nilikwenda na hasira yangu, maana hasira hii nalala nayo na kuamka nayo, sikuona sababu ya kuiacha kitandani.

Anayenisikia kwa mara ya kwanza nimweleze. Kijiji chetu cha Nkoalele kiko ubavuni mwa mlima, na watafiti wanakipenda kama nzi wanavyopenda kidonda. Walikuja wa elimu, wakaja wa afya, wakaja wa uhandisi, wakaja wa mazingira. Kila wakija tunaazima viti vya kanisani, tunapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tunajibu mpaka mate yanakauka. Kila wakiondoka wanasema, "Mama, mrejesho utakuja." Binti yangu Aikande yuko kidato cha kwanza na meno yake yametoka ya kahawia. Kitindamimba wangu, Anaeli, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa na ameanza kunywa maji ya bomba la kijiji. Nilitaka kujua jambo moja tu: maji hayo nimpe au nisimpe?

Basi ndotoni nafungua mlango wa jikoni kwangu, nakuta geti la chuo. Mlinzi hayupo. Geti lenyewe ndilo linaloongea.

"Mhojiwa haingii," likasema. "Mhojiwa hufuatwa kwake."

"Nimefuatwa vya kutosha. Leo nimekuja mimi."

Geti likafikiri. "Basi acha jina hapa. Ni kanuni ya usiri, kwa faida yako."

Nikalivua jina langu kama mtu anavyovua mtandio, likatundikwa kwenye msumari pamoja na majina mengine ya watu wa Nkoalele. Shingo ikapigwa na baridi. Nikajaribu kujiita, mdomo ukatoa neno "Mhojiwa". Nikapita.

Jengo la kwanza lilikuwa la elimu. Ndani kuna madawati, na juu ya kila dawati kumeketi kiganja cha mtoto, kiganja kitupu bila mtoto. Profesa alikuwa ubao, ubao ule wa darasani, umevaa miwani.

"Karibu," ukasema ubao. "Tumegundua kwamba watoto wa kijiji chenu hawajiamini. Wakiulizwa swali hufunika mdomo kwa kiganja. Tumependekeza walimu wapewe semina."

"Wanafunika mdomo kwa sababu wanaona aibu ya meno yao!"

Viganja vyote vikapiga makofi. Ubao ukavinyamazisha.

"Mama, meno ni ya jengo la afya. Sisi mwisho wetu ni midomo."

Nikauliza njia ya kwenda afya. Ubao ukashangaa, kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda mwezini. Hakuna njia, ukasema, ila kuna pengo. Kila msomi lazima apate pengo lake la utafiti, hivyo wamechimba uwanja wote. Nikatazama dirishani nikaona mashimo kila mahali, na ndani ya kila shimo mtu mmoja anachimba peke yake, amempa jirani yake mgongo. Nikapandisha kanga magotini, nikaruka.

Nikaangukia kiti cha daktari wa meno. Mbele yangu limesimama jino lenye urefu wa mtu, la kahawia, limevaa koti jeupe. Nikalitambua papo hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Shikamoo, mama," likasema jino la Aikande.

"Marahaba. Unafanya nini huku?"

"Nimepigwa picha. Wameandika kwamba sipigwi mswaki."

Hapo damu ilinichemka. Mtoto yule anasugua meno kwa mkaa, anasugua kwa majivu, anasugua mpaka ufizi unatoka damu, halafu anakwenda kujitazama kwenye kioo na kulia kimyakimya akidhani sisikii. Nasikia. Mama yeyote angesikia.

"Mbona hukuwaambia kuhusu mkaa?"

"Hapa meno hayaulizwi, mama. Nilipotaja maji waliniambia maji si ya jengo hili."

Nikalishika mkono, tuondoke wote. Jino likasema haliwezi, lina sahihi za watafiti kumi na watano, na likaanza kusinyaa hadi likawa kigari cha kusukuma vitabu. Nikakiacha pale huku nalia kwa hasira.

Sasa niko ukumbini na watu wamevaa suti. Jukwaani kuna pampu ya kijiji chetu, imefungwa tai, inapewa nishani. Ni jengo la uhandisi.

"Nasukuma maji mchana na usiku," inahutubia, "bila kukatika!"

"Maji gani?" nikapaza sauti kutoka nyuma.

"Mama, mimi hupimwa kwa wingi. Yakiwa mengi, nimefaulu."

"Yakiwa mengi na mabaya?"

"Basi nimefaulu sana," ikasema pampu. Ukumbi mzima ukacheka kwa adabu.

Nikapanda jukwaani nikaizaba kofi. Ililia kama kengele ya shule, na watu wote wakatoka kwenda kunywa chai. Nikawafuata, lakini mlango waliopita wao uliniingiza mimi ndani ya jokofu.

Jokofu lile lilikuwa na ukubwa wa kanisa. Chupa za maji zimepangwa kwenye mabenchi, zinanong'ona. Moja ikasimama.

"Mama Aikande!"

Jina langu likarudi mwilini, nikasikia joto shingoni. Chupa ile haikuwahi kuambiwa habari za usiri.

"Wewe ni maji yetu?"

"Ni mimi. Nina floraidi nyingi kupita kiasi. Mama, mtoto ambaye meno yake bado yanajengwa ndani ya ufizi asininywe. Nitayaunguza kabla hayajatoka, na nikizidi nitakwenda kwenye mifupa. Mpe maji ya mvua."

Majibu yenyewe ndiyo hayo, hata pumzi haikuisha. Nililia miaka mingi kwa ajili ya maneno yanayotosha kusemwa mlangoni mtu akiwa amesimama.

"Ulijua lini?"

"Wiki ileile niliyofika hapa."

"Na hukusema!"

"Nilisema. Nikaandikwa kwa Kiingereza, nikasomwa hotelini, nikapigiwa makofi, nikarudishwa kwenye baridi."

Mlango ukafunguka akaingia Dakta Rwezaura wa mazingira, binadamu kamili, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Huyo ninamkumbuka, alikula loshoro kwangu akaomba aongezewe.

"Mama, habari za siku nyingi?"

"Mbaya. Mlijua maji yanaharibu watoto wetu, mkanyamaza."

"Hapana, mama yangu. Matokeo tuliyasambaza."

"Kwa nani?"

"Kwa wadau wote."

"Na mimi ninayeyachota, mimi ninayempa mtoto, mimi ni nani?"

Dakta akanitazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililoniua.

"Wewe, mama, ni eneo la utafiti."

Nikaidaka chupa. Akapiga kelele kwamba ile ni mali ya chuo, kwamba utafiti zaidi unahitajika. Nikamwambia utafiti zaidi atafanya tumboni mwake, leo atayanywa yeye mpaka tone la mwisho, na nikaanza kufungua kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Nikaamka ngumi imefumba. Kumekucha. Aikande amepiga magoti kando ya kitanda, anamnywesha Anaeli maji kwa kikombe. Nikakipiga kikombe kikaenda ukutani. Anaeli akaangua kilio.

"Mama! Si maji tu?"

"Hayo hanywi tena. Atakunywa ya mvua. Tukikosa, nitakwenda kuomba kwa mwenye tangi."

"Nani amesema?"

Nilitaka kusema nimeota, nikaona haya. Nikafumbua ngumi. Kulikuwa na kifuniko cha chupa, cha bluu, bado kina maji. Aikande akakichukua akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kimetafunwa," akasema. "Na nani?"

Nikaikumbuka siku watafiti walipokuja kuchota maji ya kupima. Kijana mmoja wa chuo alinipa kifuniko nimshikie, na mtoto aliyekuwa mgongoni kwangu akakidaka, akakitia mdomoni. Kijana alicheka, akakifuta kwa shati lake, akafunga chupa, wakaondoka.

"Na wewe," nikamwambia. "Ulikuwa na meno manne tu, meupe."