Kilua cha Bi Nadra

Dokta Sunniva aliijua mimea kuliko watu. Mnorwe huyu aliumaliza ujana wake Pemba na Tanga akikusanya majani, akiyakausha baina ya magazeti na kuyapa majina. Kiswahili alikipata hukohuko vichakani. Lakini mkilua, kijiti cha maua yanukiayo, wenye ua bichi hakuwahi kujaaliwa kuuona; kila akifika, msimu umeshapita.

Basi alipoukuta Maskati, ndani ya pipa kivulini kwa jirani yake wa Azaiba mwenye asili ya Pemba, Bi Nadra, Sunniva aliupigia magoti. Kilua kimoja tu, rangi ya samli, kimefunguka asubuhi ile.

"Mashaallah! Kizuri mno!"

"Chako, mwanangu. Chukua."

Sunniva akakikata kwa mkasi, akashukuru, akaenda kukibana ndani ya gazeti, kati ya mbao zake za kukaushia. Bi Nadra alibaki anatabasamu, rangi imemtoka. Joto, Sunniva alidhani.

Alasiri Taimur, mtoto wa Bi Nadra, aligonga mlango kama anayetaka kuuvunja.

"Dokta, msomi gani wewe? Kilua kile ni cha kikuba cha dada yangu Balqees! Harusi kesho! Mama kaulea mti ule katika chumvi hii, akiufunika kanga jua likiwaka, ili bibi harusi avae kifuani ua la kwao, pamoja na asumini na mrehani."

"Lakini yeye ndiye kaniambia nichukue!"

"Ulitaka aseme nini? Ukisifu kitu cha mtu, atakwambia chako. Nawe unajibu, kinakupendeza wewe mwenyewe. Khalas! Bahati yangu hukulisifu gari."

Sunniva akakimbia na gazeti lake. Bi Nadra hakutaka hata kulitazama.

"Nnakwambia nimeshakupa. Nikipokea, nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Lakini mnakihitaji!"

"Sisi? Wala."

Na macho yake mekundu! Sunniva alisimama getini, haelewi. Anayekitaka hakitaki, na yeye aliyepewa hawezi kukaa nacho.

Taimur, aliyemfuata nyuma, akacheka. "Hakirudi hicho. Ila kesho umealikwa, na mgeni wa harusi haji mikono mitupu."

Kesho yake, mbele ya wanawake wote, Sunniva alimkabidhi Bi Nadra lile gazeti. "Zawadi ya bibi harusi."

Bi Nadra akalifungua. Kilua kilikuwa bapa kama karatasi, lakini harufu yake ilijaa ukumbini.

"Yaa Allah! Kilua! Umekipata wapi, mwanangu?" Akapiga kigelegele, akakifunga kwenye kikuba.

Nimekipata wapi? Sunniva aliwatazama wageni mmoja mmoja, hakuna aliyeshangaa. Katika magazeti yake lilibaki doa la manjano tu, na kilua alichokisaka umri mzima kilikuwa kifuani kwa Balqees, kinapanda na kushuka kwa pumzi zake. Alitaka kusema kizuri. Akajiziba mdomo.

"Vipi, Dokta? Hukukipenda?" Balqees akauliza.

"Kinakupendeza... wewe mwenyewe," akajibu kwa wasiwasi, bila kujua kama amepatia. Ukumbi ukaangua kicheko, naye Bi Nadra akamkumbatia, analia.